Logi Ilisema Barua Zinatoka Ndani

Kijana alikuwa amesimama karibu na dirisha, begi bado mgongoni, laptopu yake iko juu ya meza ya meneja na amekatazwa kuigusa. Yuko atachimenti, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na kwa uso tu ungejua hajalala.

"Fundi, soma mwenyewe," meneja akaniambia huku akinigeuzia skrini. "Hizi barua taka, hizi spamu, zinatoka hapa ndani. Sasa niambie, hapa ndani nani mwingine anajua hivi vitu kumshinda huyu?"

Nikasoma. Na kweli logi, ile faili ambayo seva huandika kila kinachopita, ilikuwa inasema hivyo.

Hio ilikuwa Jumamosi asubuhi hapa Nakuru, kwa ofisi ya Sacco moja ndogo ambayo sitaitaja, ghorofani, madirisha yanaangalia steji na makelele ya makanga yanaingia vizuri tu. Kazi yenyewe tulimaliza. Lakini wiki zimepita na kuna kitu hakijanitoka kichwani. Spamu nimeziona kwingi, hizo hazininyimi usingizi. Kinachonisumbua ni venye line moja ya logi ilikuwa karibu imharibie mtu jina, na hio line haikuwa hata imedanganya.

Foleni

Shida waliyoniitia ilikuwa nyingine kabisa. Barua zao hazifiki. Mwanachama anaomba mkopo, mfumo unatuma imeili kwa wadhamini wake wathibitishe, wadhamini wanasema hawajaona kitu, mkopo unakaa. Kulikuwa na mwalimu wa Njoro anakuja kila mara kuuliza karo ya mtoto itatoka lini na ofisi inamwambia sisi tulituma, na kusema ukweli walikuwa wametuma.

Seva yao ni mashini moja imekaa kwa kona ya chumba cha mafaili, inatumia Linux, na Postfix ndio inabeba barua. Nikaingia nikapiga `mailq`, amri ya kuonyesha foleni ya barua zinazosubiri kutoka. Skrini ikaanza kukimbia, ikakimbia, ikakimbia, mpaka meneja akaniuliza kama kuna kitu nimeharibu.

Sasa Sacco ya watu wa Njoro na Bahati na Lanet haina shughuli yoyote ya kuandikia maelfu ya watu kwa domeini za Brazil, Poland na Taiwan. Na katikati ya hizo kulikuwa na zingine hazina mtumaji wa kawaida, pale pa jina pameandikwa tu `MAILER-DAEMON`, yaani seva yenyewe. Hizo ni taarifa za kurudishwa. Seva imeshindwa kufikisha barua, sasa inataka kumwambia aliyetuma, na aliyetuma aliweka jina la mtu mwingine, kwa hivyo taarifa inaenda kumgongea mtu asiyejua hata Nakuru iko wapi.

Barua za wadhamini zilikuwa humo humo zimefinyiliwa. Niliona za yule mwalimu. Zimejaribiwa zikakataliwa, zikajaribiwa tena zikakataliwa, na sababu ni ile ile kila mahali, kwamba IP ya ofisi, yaani anwani yake kwa intaneti, iko kwa orodha ya watuma spamu.

Hapa watu wengi hukimbilia `postsuper -d ALL` na foleni inabaki safi kabisa, imefagiwa pamoja na barua za wenyewe. Mimi nilizishikilia zote kwanza kwa `postsuper -h ALL`, hakuna inayotoka na hakuna inayopotea, alafu ndio nikavuta kiti.

Nani anatuma

Siku hizi ukikuta seva inatapika spamu, cha kwanza kushuku ni paswadi ya mtu kuibwa. Mfanyakazi amebonyeza linki mbaya, mwizi amepata paswadi, anaingia kama yeye na kutuma usiku kucha. Lakini hio huacha alama. Mtu akiingia kwa paswadi, Postfix huandika kwa logi `sasl_username=` na jina lake. Nikatafuta kwa zile spamu. Hakuna hata moja.

Basi kompyuta ya ofisi ina virusi? Ingewezekana, lakini kila kompyuta iko na anwani yake, moja ni 192.168.1.23, nyingine ni 192.168.1.31, na laptopu ya kijana nayo iko na yake. Hizi spamu zote, kila moja, zilikuwa zimeandikwa hivi:

`connect from unknown[192.168.1.1]`

Meneja alikuwa ameelezwa na mtu kwamba anwani za 192.168 ni za ndani. Ni kweli, ziliwekwa kando kwa mitandao ya ndani na RFC 1918, ya 1996 (RFC ni zile nyaraka za kanuni za intaneti), hazitembei kwa intaneti ya nje. So akafanya hesabu yake: ni ndani, wa ndani anayejua mambo haya ni kijana, kijana hukaa mpaka jioni na laptopu yake. Wiki hio alikuwa ameshapigia chuo simu.

Lakini 192.168.1.1 ni rauta. Rauta haiandiki barua.

Hapo nami nikakwama, na sio kidogo. Kuna rauta huvamiwa zikageuzwa kuwa daraja la wezi, hilo linajulikana, kwa hivyo nikaingia kwa rauta nikakagua, nikatafuta proksi, programu ya kupitishia trafiki ya watu wengine, nikatafuta watumiaji nisiowaelewa, na sikupata kitu. Nikarudi kwa logi na safari hii nikaacha kuangalia spamu, nikaangalia barua nzuri. Kuna mwanachama alikuwa ameandikia ofisi kutoka Gmail, swali la kawaida tu la dividendi. Barua imeingia salama. Na pale kwa line ya kuunganishwa, mahali ambapo ningetarajia kuona mashini ya Google, kumeandikwa 192.168.1.1.

Nikapanda juu zaidi. Benki, 192.168.1.1. Wakaguzi wa hesabu, 192.168.1.1. Dunia yote nzima ilikuwa inaingia kwa hio seva ikiwa na anwani moja.

Askari na mwenye nyumba

Ofisi ilikuwa imehamia faiba, na fundi aliyeweka rauta mpya aliandika sheria moja ya kubadilisha anwani, ile huitwa maskereidi, ambapo rauta inafuta anwani ya aliyetuma na kuweka yake, bila kuiwekea mpaka. Hio sheria inafaa kushika trafiki inayotoka kwenda nje pekee. Ya kwake ilishika kila kitu, hata kinachoingia. Hufanywa mara nyingi, kwa sababu inatibu haraka shida ya wafanyakazi walio ndani kushindwa kufikia seva kwa jina lake la nje, kila mtu anafurahi, fundi anaenda zake.

Alafu huku kwa Postfix kuna line nyingine, ya zamani kuliko hio rauta:

`mynetworks = 127.0.0.0/8 192.168.1.0/24`

Maana yake ni kwamba yeyote aliye na anwani ya ofisi ni wetu, mpitishie barua zake popote anapotaka, usimuulize kitu.

Ni kama askari wa geti ameambiwa asimsumbue mtu anayeingia na mwenye nyumba, alafu mwenye nyumba akaanza kushika mkono kila mpita njia na kuingia naye.

Aliyeandika hio line ya `mynetworks` alikuwa sawa siku aliyoiandika. Kompyuta za ofisi zilikuwa ndani na wa nje walionekana ni wa nje. Hakuna aliyegusa seva baada ya hapo. Iligeuka mlango wazi ikiwa imekaa tu kwa kona yake, juu mtu alibadilisha kitu kingine kwa ukuta mwingine.

Hii ndio imekuwa ikinizungusha. Faili ilikuwa ni ile ile, herufi kwa herufi.

Meneja anataka kuona

Maelezo peke yake hayangemtoa kijana pale dirishani, kwa hivyo nikaamua waone kwa macho. Niko na seva ndogo ninakodi, iko Ujerumani. Nikaingia huko, nikapiga telnet, njia ya kuongea na seva kwa kuandika kwa mkono, kwenda kwa seva ya Sacco, poti 25, mlango ambao seva hupokelea barua. (Usijaribu hii ukiwa ndani ya ofisi, jibu halitakuwa na maana, na laini nyingi za simu na za nyumbani hufunga poti 25 ikitoka, unaweza kudhani umepona kumbe hukufika.)

Ikajibu 220. Nikasalimia kwa EHLO. Nikaandika MAIL FROM, yaani mtumaji, na anwani ya kubuni, domeini ambayo hata haina uhusiano na Sacco. Ikajibu 250, yaani sawa. Alafu RCPT TO, yaani mpokeaji, nikaweka imeili yangu iliyo kwa kampuni nyingine kabisa.

Seva iliyofungwa vizuri inakatalia hapo: `554 5.7.1`, na maneno `Relay access denied`. Inakukatalia kabla hujaandika hata salamu ya barua yenyewe.

Hii ikasema `250 2.1.5 Ok`.

Nikamwonyesha meneja logi ikitembea kwa skrini ya pili, sekunde ile ile. Mimi niko kwa mashini ya Ujerumani, na seva imeandika nimetoka 192.168.1.1.

Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Kwa hivyo mtu yeyote…"

"Yeyote, madam. Popote alipo."

Akanyamaza kiasi, alafu akasukuma ile laptopu upande wa kijana. Hakumwambia pole. Ningependa angesema, na nilimwambia hivyo baadaye tukiwa wawili, kwa sababu chuo kilikuwa kimeshasikia upande mmoja na mwanafunzi wa atachimenti hana wa kumtetea, anapimwa na watu wale wale wanaomshuku. Niliandika ukurasa mmoja wa maelezo na zile line za logi, nikautia sahihi, ukaenda kwa mwalimu wake. Akiwa fundi mwenzangu anasoma hapa na amewahi kuitwa kwa kesi kama hii, naomba afanye hivyo hivyo. Anwani ya IP haimtaji mtu.

Zamani huu ulikuwa utu

Ni rahisi kuona seva inayopitisha barua za kila mtu kama kazi ya mjinga. Sikubaliani. Mwaka 1982 Jon Postel alipoandika RFC 821, ile iliyoweka SMTP, lugha ambayo seva hutumia kupelekeana barua, kupitishiana barua kulikuwa sehemu ya mpango. Mashini hazikuwa zinaunganika na kila mahali muda wote, so ukipata barua si yako unaisogeza mbele kwa anayeweza kuifikisha, na kesho mwingine anasogeza yako. Watu wakati huo walikuwa wachache na wanajuana.

Ilibebwa hivyo mpaka miaka ya tisini, biashara ya spamu ikagundua kuna maelfu ya seva zitakazokubebea mzigo bure kwa jina lao. Unatuma barua moja yenye orodha ndefu ya wapokeaji, seva ya mwenyewe ndio inahangaika na bando na foleni na lawama. Mwaka 1998 Sendmail 8.9, programu ya kubeba barua kama Postfix, ikatoka ikiwa imefungwa tangu kiwandani, ukitaka kuifungua ni wewe ufungue kwa mkono wako. Februari 1999 ikaja RFC 2505 kusema waziwazi seva isipitishe ya asiyehusika.

Kuna waliokataa. John Gilmore, mmoja wa waanzilishi wa EFF, shirika la kutetea haki za watu mtandaoni, alibaki na seva yake wazi kwa kusudi, akisema marafiki zake wanaosafiri wanaihitaji kutuma barua, na mwaka 2001 kampuni iliyompa intaneti ikambana. Mimi namwelewa kuliko vile ningetarajia. Msafiri ana haki ya kutuma barua. Lakini jibu la msafiri lilikuwa limeshapatikana kabla ya huo ugomvi: poti 587 ya kukabidhi barua, Desemba 1998, na kuingia kwa paswadi ndani ya SMTP, Machi 1999. Msafiri anajitambulisha, seva inampitishia, akiwa Busia ama Berlin ni sawa tu.

Na wa ofisini je, kwa nini yeye asijitambulishe? Hapo ndio nilifika, na sikuona sababu ya kuridhisha. Tumemwachia wa ndani apite bure kwa kuwa tu kila mtu hufanya hivyo.

Tulichofunga

Rauta kwanza. Ile sheria ikawekewa mpaka, ishike kinachotoka nje pekee, na mara moja logi ikaanza kuonyesha watu walivyo, Google ni Google, benki ni benki, na wale wa spamu nao wakaonekana na anwani zao halisi wakigonga moja baada ya nyingine na kurudishwa.

Ningeweza kuachia hapo. Lakini rauta itabadilishwa tena siku moja na fundi mwingine, kwa hivyo `mynetworks` ikabaki na 127.0.0.0/8 peke yake, yaani seva inajiamini yenyewe tu. Kila mfanyakazi sasa anatuma kwa poti 587 na paswadi, na mawasiliano yamefichwa kwa TLS. Kwa `smtpd_relay_restrictions` tukaacha njia mbili, wewe ni seva yenyewe ama umejitambulisha, zaidi ya hapo barua inakubaliwa tu kama inakuja kwa domeini ya Sacco. Hio mipangilio Postfix iliitenga peke yake kuanzia toleo 2.10, la 2013, kwa sababu kabla ya hapo ilichanganywa na sheria za kuchuja spamu na mtu angeongeza rafiki mmoja kwa orodha na kujikuta amefungulia kila mtu. Kama seva yako imepandishwa toleo kutoka huko zamani bila kusafishwa mafaili, angalia hapo leo.

Foleni tukaichambua na kijana. Za Sacco zikaachiliwa, zingine zikafutwa. Alikuwa mwepesi kunishinda kwa hio kazi, aliandika skripti fupi ya kuchagua kwa jina la mtumaji, lakini kulikuwa na zilizobandikwa jina la Sacco yenyewe na hizo ilibidi tusome kwa macho.

Hizo ndio zilinitisha. SPF ni orodha unayoweka kwa DNS, lile daftari la majina ya intaneti, kusema IP gani inaruhusiwa kutuma kwa jina lako. IP ya hio spamu ilikuwa ni ya Sacco kweli. Gmail ikiuliza, je hii imetoka kwao, jibu ni ndio. Mtu angeweza kumwandikia mwanachama "lipa mkopo wako kwa namba hii mpya" na kila kipimo kikapita. Hatukupata barua ya aina hio kwa foleni. Lakini foleni inaonyesha zilizokwama tu, zilizofika hazikai hapo, na ilibidi tupitie logi za nyuma zote kutafuta wanachama.

Jina

Kufunga kulichukua asubuhi. Kurudisha jina kunachukua muda wake. Kuna orodha kama za Spamhaus, shirika lililoanzishwa na Steve Linford mwaka 1998, ambazo seva za dunia huuliza kabla ya kupokea barua. Unaomba utolewe, lakini usiombe kabla hujaziba, ukirudi mara ya pili kwa kosa lile lile hawakusikii haraka. Hizo zilitutoa. Wapokeaji wakubwa wana kumbukumbu zao wenyewe ambazo hakuna fomu ya kujaza, unatuma kidogo kidogo, barua safi, wanakuzoea upya.

Na kuna sanduku la `postmaster`, la kumwandikia anayesimamia barua za domeini. Kila domeini inayopokea barua inafaa kuwa nalo, RFC ya SMTP inadai hivyo. La Sacco lilikuwepo, limeelekezwa kwa mfanyakazi aliyeacha kazi zamani. Ndani mlikuwa na malalamiko ya watu wa nchi zingine, wengine wameeleza kwa upole kabisa kwamba seva yenu inatumiwa. Sasa linaenda kwa meneja na kwa simu yangu.

Skana

Jumatatu afisa wa mikopo akanipigia amekasirika. Skana ya ofisi imekataa kutuma.

Ni mashini ya kitambo, haijui paswadi wala TLS, ilikuwa inategemea ile huruma ya `mynetworks`. Akaniomba niiongezee peke yake kwa orodha, anwani moja tu, fundi, itadhuru nini? Nilifikiria sana. Anwani moja ingekuwa hatari ndogo. Lakini skana ikituma kwa wafanyakazi wa Sacco haihitaji ruhusa yoyote, kwa kuwa barua ya domeini yenu hupokelewa kutoka kwa yeyote. Ruhusa inahitajika tu akitaka kuskani moja kwa moja kwenda Gmail ya mwanachama, kitambulisho na pesilipi ya mtu, bila jina la aliyetuma popote.

Nikakataa. Anaskani kwenda kwa sanduku lake, alafu anaituma yeye mwenyewe akiwa ameingia kwa paswadi. Ni hatua moja zaidi kwa kila mkopo, na kwake hio ni kazi, sitasema ni kitu kidogo. Bado ananinunia.

Kwa ukuta wa chumba cha mafaili tumebandika karatasi, kijana ndio aliichapa kabla amalize atachimenti. Ni ya siku rauta ikibadilishwa. Inasema jitumie barua kutoka Gmail, fungua `/var/log/mail.log`, soma line ya `connect from`. Ukiona mashini ya Google, endelea na kazi. Ukiona 192.168, simamisha Postfix kwanza ndio upige simu.